MBIO ZA HISANI: TUTAKIMBIA, LAKINI TUTAULIZA



Karatasi imebandikwa tena ukutani, pale karibu na mahali tunapotia sahihi asubuhi, na kila mtu ameiona. Yasema kwamba mbio za hisani za hapa Nakuru zitakimbiwa tena mwaka huu, kilomita 10 kwa wenye pumzi na kilomita 5 kwa wenye matumbo, na kwamba kila mwenye moyo mwema aandikishe jina lake na kulipa Shs. 1,000 ili apewe fulana na namba ya kifuani. Fedha zitakazopatikana zitagawiwa mashirika ya kusaidia watu wa mji wetu: watoto yatima, wagonjwa, walemavu na wazee wasio na mtu.

Tangu karatasi ile ibandikwe, wanachama wengi wametujia na swali moja: Chama chasema nini? Wengine wametaka tuseme msikimbie. Mmoja alituambia waziwazi kwamba hisani ni kazi ya matajiri, na maskini akimkimbilia maskini mwenzake wote wawili watafika wakiwa na kiu. Tulicheka, lakini hatukubaliani naye. Wengine nao wametaka tuseme kimbieni nyote, tena msiulize neno, kwa sababu anayeuliza habari za sadaka ana roho mbaya. Na hao hatukubaliani nao. Sababu zetu twazieleza hapa kwa urefu, maana jambo hili limetuletea maneno mengi tawini kuliko hata habari ya ovataimu.

Kwanza ijulikane kwamba mwaka jana tulikimbia. Watu 34 wa tawi letu walitoka: mafundi wa karakana, watu wa gengi la njia, makarani wawili wa mizigo, na mama mmoja wa usafi aliyewaacha nyuma vijana wote wa ofisi. Ilikuwa Jumamosi ya baridi, mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope barabarani. Wengi wetu tulivaa viatu vya kazi kwa sababu havina mwenzake nyumbani. Pale panapokatana barabara na reli, treni ya mizigo ikaja, na wakimbiaji wote, wakubwa kwa wadogo, meneja wa benki na muuza karanga, wakasimama kuingoja. Dereva wa treni ile ni mwanachama wetu. Alipiga honi ndefu tangu behewa la kwanza mpaka la mwisho, na sisi tukampungia mikono. Hatujui kama aliruhusiwa kupiga honi namna ile, wala hatutauliza.

Basi msituhesabu miongoni mwa watu wanaozichukia mbio. Mbio za namna hii zimefanya mema makubwa katika nchi hii. Tangu mwaka 1993 Hospitali ya Mater ya Nairobi imekuwa na mbio zake za moyo, kuchangia matibabu ya watoto wenye ugonjwa wa moyo ambao wazazi wao hawawezi kulipa. Mwaka 2000 mbio za Lewa zilianza kukimbiwa kule kaskazini ya Mlima Kenya, katikati ya wanyama, kuchangia hifadhi pamoja na shule na afya za watu wanaoishi karibu nayo. Mbio ndefu za Nairobi zilianza mwaka 2003, na kwa miaka mingi fedha zake zilisaidia matibabu ya macho. Mwaka 2014 Bi. Margaret Kenyatta, ambaye mumewe alikuwa Rais wakati ule, alianzisha mbio za Beyond Zero ili kila kaunti katika kaunti 47 ipate gari la zahanati kwa ajili ya akina mama na watoto wachanga. Mwaka huo huo yeye mwenyewe alikwenda London akakimbia kilomita 42. Mtu aweza kusema atakavyo juu ya serikali ile, lakini kilomita 42 hazikimbiwi kwa niaba.

Tena nani asiyejua habari za mzee Kipchoge Keino, jirani yetu wa huko juu Eldoret? Alipata medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika Mexico mwaka 1968, na yeye na mke wake Phyllis wakaifanya nyumba yao kuwa nyumba ya watoto wasio na wazazi, kisha wakajenga na shule. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio, alitunukiwa tuzo mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Katika nchi ya wakimbiaji, kukimbia kwa ajili ya mtoto wa mwenzako si jambo la kigeni.

Lakini twataka mwanachama aelewe shilingi yake yafanya kazi gani na haifanyi kazi gani. Chukua hao watoto wa moyo. Wako wanaozaliwa na moyo wenye kasoro, na hilo laweza kumpata mtoto wa tajiri au wa maskini. Lakini wako wengine wengi waliozaliwa wazima. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 apata maumivu ya koo. Ni koo tu, mama asema, litapona. Kama ni ugonjwa wa koo wa namna fulani na hautibiwi, baada ya wiki chache yaweza kuja homa ya baridi yabisi: viungo vyavimba, na moyo nao waguswa. Ndani ya moyo kuna vali, milango midogo ya kupitisha damu upande mmoja tu. Homa ile ikirudi na kurudi, milango ile yaharibika, haifungi vema, haifunguki vema. Watu wa mabehewa watatuelewa upesi: ni kama vali ya breki ya upepo inayovuja. Treni yaweza kuondoka nayo stesheni, lakini haitafika mbali.

Kumpasua mtoto kifua na kuitengeneza milango hiyo ni kazi ya madaktari wengi na fedha nyingi, ndiyo sababu watu wakimbia kuzichanga. Lakini ugonjwa wa koo wenyewe hutibiwa kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali kuu. Na hata mtoto aliyekwisha kupata homa ile aweza kulindwa kwa sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, asiugue tena. Ugonjwa wa koo wapenda kuenea wapi? Wapenda nyumba ya chumba kimoja, watu saba wakilala pamoja, dirisha limezibwa kwa gunia. Wapenda mahali ambapo zahanati iko karibu lakini dawa zimekwisha, au mama ameajiriwa kibarua na akikosa siku moja amekosa mkate.

Basi tazameni, ndugu zetu. Mbio zamsaidia mtoto ambaye vali yake imekwisha kuharibika, na twasema asanteni sana kwa wanaozitayarisha. Lakini chumba kimoja, zahanati tupu na kibarua bila likizo ya ugonjwa haviondolewi kwa mbio, hata tukikimbia mpaka Malaba na kurudi. Hayo ni mambo ya mshahara, ya nyumba na ya kodi tunayotoa. Na sisi twatoa. Kila mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya mfuko mpya wa afya tangu Oktoba 1, 2024, na asilimia 1.5 nyingine akatwa kwa ajili ya nyumba. Mtu aliyekwisha kukatwa hizo zote, kisha akatoa Shs. 1,000 ya fulana, ana haki ya kuuliza mbona dawa ya koo haipo. Kuuliza huko hakumpunguzii hisani yake hata chembe.

Sasa tuje kwa hesabu, hapo ndipo pana maneno.

Mwaka jana, mbio zilipokwisha, tuliitwa tukusanyike mbele ya jukwaa. Ililetwa hundi ya ubao, kubwa kama mlango, na ikashikwa na mabwana wanne ili ipigwe picha. Namba iliyoandikwa ilisomwa katika kipaza sauti, tukapiga makofi. Tulirudi nyumbani tukiwa na maumivu ya magoti na furaha. Miezi mitano ikapita bila neno. Basi kamati ya tawi iliwatuma watu wawili, Katibu na mzee mmoja wa karakana, waende kwa miguu wakaone fedha zimefika wapi. Hawakwenda kama polisi. Walikwenda na kilo mbili za sukari, kama wageni.

Katika nyumba ya watoto waliona magodoro mapya na mafuta ya kupikia, na mama mlezi aliwaonyesha kila kitu kwa furaha, hata risiti. Kwa akina mama wanaowapikia watoto wa shule uji, waliona sufuria mbili kubwa. Akina mama walisema sufuria ni nzuri lakini walikuwa wameomba unga. Katika zahanati moja walioahidiwa vitanda waliambiwa kwamba bado wanangoja. Watu wetu walipojumlisha walivyoona, kwa bei za dukani, hesabu yao haikukaribia namba iliyosomwa katika kipaza sauti.

Hapa twaandika kwa uangalifu. Hatusemi fedha ziliibwa. Hatuna ushahidi, na mtu asiye na ushahidi anyamaze. Huenda ziko benki, zangoja. Huenda namba ile ilikuwa ya ahadi na si ya fedha zilizokwisha kutolewa. Hilo hutokea hata katika harambee zetu za nyumbani, mtu anatangaza elfu ishirini kwa sauti kubwa na kuleta elfu tatu kwa sauti ndogo. Na tena mbio zina gharama. Fulana yashonwa na kuchapwa, hema lakodiwa, maji yanunuliwa, mpiga muziki hali upepo, gari la wagonjwa lazima liwepo. Mtu akilipa Shs. 1,000 hawezi kutazamia kwamba Shs. 1,000 kamili itafika kwa yatima. Lakini aweza kutazamia kuambiwa imefika ngapi. Mia nane? Mia tano? Mia? Hatuwezi kumwambia mwanachama kama mbio hizi ni njia njema ya kusaidia au ni njia ghali ya kununua fulana mpaka tujue namba hiyo. Katibu aliwaandikia watayarishaji. Alijibiwa kwa simu, kwa adabu, kwamba ripoti yatayarishwa. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua ndefu.

Wako watakaosema: kumbe ninyi mwamtafuta mtu kosa katika jambo la Mungu. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari ya mjane aliyetoa senti mbili. Tulifundishwa kwamba sadaka yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Hatukufundishwa kwamba anayehesabu sanduku asiulizwe. Katika Chama chetu wenyewe, Mweka Hazina akinunua wino hutuletea risiti, na wanachama humbana katika mkutano wa mwaka mpaka atoe jasho, kisha wamchague tena. Hajapata kusema kwamba tunamchukia. Siku hizi hata kisingizio cha kale, kwamba sarafu zilichanganyika mfukoni, hakipo tena, kwa maana wengi wetu tulilipa kwa M-Pesa na kila shilingi ina saa na dakika yake.

Na sheria nayo ipo. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa mwaka 2013, ikalala miaka mingi, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei, 2024. Kwa sheria hiyo shirika lililoandikishwa lapaswa kuweka vitabu vya hesabu na kupeleka ripoti kila mwaka. Watayarishaji wa mbio wakiwa ni kampuni, au ni kamati tu ya marafiki, basi ni vigumu zaidi kujua nani awajibike. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanachama anapopewa karatasi ya mbio liwe hili: hii namba ya kulipia ni ya nani?

Tungeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo jingine la mwaka jana ambalo halikutupa usingizi, nalo ni kubwa kuliko habari ya hundi.

Kabla ya ile hundi kuletwa, aliitwa jukwaani kijana mmoja, akasukumwa mpaka mbele katika kiti kipya cha magurudumu. Ilitangazwa kwamba kiti kile ni zawadi ya mbio, kimetolewa na kampuni moja ya hapa mjini, ambayo jina lake lilikuwa kifuani mwa kila fulana. Kijana aliambiwa ashukuru, akashukuru. Tulipiga makofi kuliko yale ya hundi. Ni mama wa usafi, yule mkimbiaji wetu, aliyesema kwa sauti ya chini: "Mimi namjua huyu. Aliumia katika ghala lao."

Tulimtafuta baadaye nyumbani kwake, huko ng'ambo ya reli. Alikuwa kibarua wa kupakua mizigo katika kampuni ile ile iliyompa kiti. Rundo la magunia lilimwangukia, uti wa mgongo ukaumia, tangu siku ile miguu haifanyi kazi. Alilipiwa hospitali wiki za kwanza. Kisha aliambiwa kwamba kibarua hana fidia. Akakaa miezi kumi na minne sakafuni, akibebwa na mama yake, mpaka siku ya mbio alipoitwa kupokea zawadi.

Ndugu, yule kijana alidanganywa. Sheria ya mafao ya walioumia kazini, ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri awawekee bima watu wake, na yasema kwamba mtu akiumia kazini hata asiweze kufanya kazi tena kabisa, fidia yake yahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Miezi 96 ni miaka minane. Anaweza kufungua kibanda kwa fedha hizo, anaweza kumjengea mama yake chumba cha pili. Badala yake alipewa kiti, akapigwa picha, na picha ile imewekwa katika ofisi ya kampuni mahali pa kupokelea wageni. Aliyekuwa akidai akafanywa mwenye kushukuru. Na sisi, watu 34 wenye viatu vya kazi, ndio tuliopiga makofi.

Twaona haya kuandika hayo, lakini ni bora tuyaandike. Hatukujua. Sasa twajua, na ndiyo sababu hatuwezi tena kukimbia kama tulivyokimbia. Kiti kile ni kizuri, hatumwambii akirudishe. Lakini hisani isitumiwe kufutia deni. Mwenye deni alipe deni lake kwanza, katika ofisi ya kazi, kwa hundi ndogo isiyopigwa picha, kisha kama anao moyo atoe na zawadi. Tulimpeleka kijana kwa Ofisa wa Kazi, karatasi zake zimeandikwa, na madai yake yako njiani. Yaenda polepole kama gudsi ya mlimani, lakini yaenda. Yeye si mwanachama wetu wala hakupata kuwa wa chama chochote. Kamati ilijadili kama yafaa kumsaidia mtu asiye na kadi. Majadiliano yalichukua dakika mbili.

Kuna habari nyingine iliyoletwa na wenzetu wa kiwanda kimoja cha hapa. Wao waliambiwa na wakubwa wao kwamba fedha za mbio zitakatwa katika mshahara wa mwisho wa mwezi, na asiyetaka aandike barua kueleza sababu. Fikirini hilo: mtu aandike barua kumweleza bwana mkubwa kwa nini hana moyo mwema! Kwetu halijafika, lakini twaonya mapema. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Jambo kama hili la hiari lahitaji idhini ya mfanya kazi mwenyewe kwa maandishi, na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Wako miongoni mwetu ambao kwa mikopo ya ushirika na karo wamekwisha kufika ukingoni. Mtu kama huyo asione haya kutokukimbia. Amekwisha kukimbia vya kutosha mwezi mzima.

Juu ya mashirika yatakayosaidiwa, twapenda kuongeza neno moja. Kila mwaka nyumba za watoto ndizo zinazopata fungu kubwa, kwa sababu zinaonekana: kuna geti, kuna kibao, kuna watoto wa kuimba wageni wakija. Lakini serikali ina mpango wa miaka kumi, tangu 2022 mpaka 2032, wa kuwatoa watoto pole pole katika nyumba hizo na kuwarudisha kwa jamaa zao au kwa jamaa wengine watakaowalea, maana wengi wao wana mzazi mmoja au ndugu aliye hai. Mtoto aliwekwa kule kwa kuwa chakula kilikosekana, si kwa kuwa watu walikosekana. Mmoja wa kamati yetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya namna hiyo. Alituambia hivi: "Nilikuwa na shangazi. Alikuja kunitazama kila mwezi, alitembea tangu Njoro. Kama angepewa gunia la mahindi kwa mwaka ningelala kwake." Hatusemi nyumba za watoto zinyimwe, wale waliomo wala leo na walala leo, na mama mlezi mwenye risiti zake twamheshimu. Twasema tu kwamba katika mgawo wa fedha awepo na shangazi, awepo na bibi anayelea wajukuu wanne katika chumba kimoja. Huyo hana kibao wala kwaya.

Kwa hiyo kamati ya tawi, katika mkutano wake wa Alhamisi iliyopita, iliamua hivi. Tawi litakimbia. Atakayependa atalipa mwenyewe, kwa mkono wake, na hakuna jina litakaloandikwa la mtu asiyelipa. Tutavaa fulana za mbio, lakini mgongoni kila mmoja atabandika kitambaa chenye maneno "FEDHA IMEFIKA WAPI?", na mama wa usafi amekubali kwamba kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa mbele, lake litakuwa kubwa kuliko yote ili wa nyuma walisome. Pamoja na hayo tumewaandikia watayarishaji barua. Tumewaomba waseme kabla ya mbio ni kiasi gani cha kila Shs. 1,000 kitafika kwa wanaosaidiwa, wabandike hesabu ya mwaka jana stesheni na sokoni mahali watu wanapopita, wawaulize akina mama wa uji wanataka nini kabla ya kuwanunulia sufuria ya tatu, na wasimpandishe jukwaani mtu yeyote aliyeumia kazini kabla ya kuuliza kama amelipwa haki yake.

Baadhi ya wanachama wamesema kwamba kama jibu halitakuja, tuache mbio zao na tufanye zetu, tangu karakana mpaka mzunguko na kurudi, kila mtu Shs. 100 na hakuna fulana. Wazo hilo halikukataliwa. Limeahirishwa.

Barua ilipelekwa kwa mkono siku ya Jumatatu. Kijana wa mapokezi alikataa kwanza kuigonga mhuri, kisha akaisoma, kisha akaigonga. Nakala iko kwa Katibu kwa yeyote atakaye kuiona. Jibu likija tutalichapa lote katika karatasi hii, hata likiwa la kutukemea. Wanaotaka kukimbia wampe Katibu majina kabla ya siku ya mshahara, na wale wenye viatu vya mpira viwili waseme, kwa sababu watu wa gengi wanaazima.